Ndugu yako amekosa: umsitiri, umkabili pembeni, umpeleke kikaoni au ujitoe?

Wiki moja kabla ya mgao wa akiba zetu nilikaa na daftari la marejesho ya mikopo la kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama thelathini. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Nikahesabu mara tatu. Shilingi 340,000 zilikuwa zimeandikwa kuwa zimepokelewa, lakini sandukuni hazimo. Wenzetu wawili walikuwa wamemtumia katibu rejesho kwa simu katikati ya wiki ili alete kikaoni. Katibu ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na mimi ndiye niliyemwingiza kikundini.

Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba mwanawe alilazwa mwezi ule. Cha pili, mumewe haachi matumizi nyumbani. Kabla sijampigia simu nilikuwa nimeshamwandalia utetezi mzima.

Mwaka mmoja nyuma, mama mmoja anayeuza vitumbua stendi alikabidhiwa 60,000 za mfuko wa jamii azipeleke msibani kwa mwenzetu. Siku ile hazikufika. Kikaoni neno lililonitoka lilikuwa "mwizi", na nililisema hata hajaketi. Sikumuuliza kama ana mtoto. Kikundi kilimtoa, na sauti yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Undugu huingia mapema kuliko tunavyodhani. Kwa mtu baki tunauliza, "Amefanya nini?" Kwa mtu wetu tunauliza, "Ilikuwaje?" Maswali yote mawili ni halali. Shida ni kwamba kila mmoja anaulizwa moja tu.

Wala si udhaifu wangu peke yangu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya tafiti 10 zilizohusisha watu 2,847. Watu walieleza kwamba wangemkinga mtu wao wa karibu aliyekosa, na kilichonishtua ni kwamba walielekea kumkinga zaidi hasa pale kosa lilipokuwa zito, kama wizi mkubwa au unyanyasaji wa kingono. Wanaume kwa wanawake, wa mrengo huu wa siasa kwa wa mrengo ule, hali ilikuwa hiyo hiyo. Na walijihalalishia kwa kusema, "Nitamshughulikia mwenyewe." Sentensi hiyo tutakutana nayo tena hapa chini.

Vipimo vinne

Nimezipima njia nne kwa maswali yale yale. Nani anabeba hasara? Undugu unabaki vipi? Ukweli unabaki umeandikwa wapi? Na ukigundua umekosea kuchagua, unaweza kurudi nyuma?

Swali la kwanza ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na nakiri hilo mapema ili msomaji ajue mizani yangu imeegemea wapi. Huruma ni nzuri, ila mara nyingi tunaitoa kwa mfuko wa mtu mwingine.

Njia ya kwanza: kumsitiri

Hapa unafunika. Unajaza pengo kimya kimya, au unaliacha lipite, na hakuna anayejua ila nyinyi wawili, pengine wewe tu.

Msidharau njia hii. Kwetu sitara ni neno zito. Imepokewa katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim kwamba anayemsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama. Huko China ya kale, Confucius aliambiwa kuhusu mtu aliyesifiwa kwa unyofu kwa sababu baba yake alichukua kondoo naye akamshuhudia. Akajibu kwamba kwao unyofu ni mwingine: baba humficha mwana, mwana humficha baba. Hata sheria za leo zinaacha nafasi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kwa kawaida, haimlazimishi mume au mke kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake mahakamani, isipokuwa kwa makosa fulani. Watunga sheria wameona kwamba jamii ambayo mtu hawezi kumwamini hata anayelala naye kitanda kimoja imepoteza kitu kikubwa.

*Nani anabeba hasara.* Ukilipa mwenyewe, ni wewe. Usipolipa, ni wenzako, na hawajui. Nilipiga hesabu usiku ule: 340,000 kwa watu thelathini ni zaidi ya elfu kumi na moja kwa kila mmoja kwa wastani. Kuna mwenzetu anayefua nguo za watu. Kwake elfu kumi na moja ni siku kadhaa za kuinama kwenye beseni.

*Undugu.* Unabaki mzima kwa nje. Kwa ndani, yeye anajua una siri yake, nawe unajua anajua. Kuna waliozoea hali hiyo miaka na miaka, na kuna ambao kila wakikutana msibani macho yanakwepana.

*Ukweli.* Daftari linaendelea kusema uongo, na sasa mwandishi wa uongo huo ni wewe pia.

*Kurudi nyuma.* Unaweza kusema kesho, lakini kila siku inayopita inakuongezea kosa lako mwenyewe juu ya lake.

Inamfaa aliyekosewa yeye binafsi: deni lako, simu yako, neno lililosemwa juu yako. Kilicho chako unaweza kukisamehe na kukifunika bila kumuuliza mtu. Inafaa pia kosa dogo la mara moja ambalo mwenyewe ameshalirekebisha kabla hujafika.

Njia ya pili: kumkabili pembeni, kwa tarehe

Unamwita faragha, unamweleza ulichokiona, unampa nafasi ya kusema na siku ya kurekebisha. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inaiweka hii kuwa ngazi ya kwanza: ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye mkiwa wawili; asiposikia, chukua mmoja au wawili; asiposikia hao, liambie kanisa. Katika Bukhari ipo kauli ya Mtume (S.A.W.) ya kumsaidia ndugu yako awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Masahaba wakauliza, mdhulumiwa tunaelewa, dhalimu anasaidiwaje? Wakajibiwa: kwa kumzuia asidhulumu. Hiyo ni tafsiri ya undugu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haimtupi ndugu na haimtupi aliyedhulumiwa.

Ndiyo njia niliyoanza nayo. Nilimwita kwangu Jumapili jioni, watoto wakiwa wametoka. Sikuanza na lawama. Nilifungua daftari, nikaweka kidole kwenye mistari miwili, nikamuuliza hizi ziko wapi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Dada, nilijua utaona." Akalia, nami nikalia. Akaomba nimvumilie mpaka baada ya mgao, akipata fungu lake arudishe.

Hapo ndipo njia hii inapovunjika kwa watu wengi, na ilikaribia kuvunjika kwangu. Kumvumilia mpaka baada ya mgao maana yake ni kuwagawia wenzake kidogo kuliko haki yao, kisha tuombe Mungu. Ile sentensi ya "nitamshughulikia mwenyewe" ilikuwa inageuka kuwa kumsitiri kwa jina lingine. Nikamwambia Jumatano.

*Nani anabeba hasara.* Aliyekosa, kama tarehe ni ya kweli. Tarehe ikiwa mpira wa kuvutwa, wanabeba wengine.

*Undugu.* Huu ndio mlango unaompa mtu nafasi ya kurudi na heshima yake. Hata hivyo msitegemee shukrani wiki ile ile.

*Ukweli.* Uko midomoni mwa watu wawili tu, na midomo husahau. Kwa hiyo andikeni: kiasi gani, kilichukuliwa lini, kitarudi lini. Karatasi moja ya daftari la shule inatosha. Akikataa kuandika, umeshapata jibu lako.

*Kurudi nyuma.* Vizuri kuliko njia zote. Kutoka hapa unaweza kupanda kwenda kikaoni, lakini kutoka kikaoni huwezi kushuka kurudi faragha.

Inamfaa mwenye ushahidi wa wazi, kosa linaloweza kurekebishwa, na mtu ambaye bado anakusikiliza. Haifai kwa anayerudia kwa mara ya tatu. Na kama yeye ndiye mwenye nguvu juu yako, baba mkwe, bosi, mume anayepiga, kumwita pembeni ni kujipeleka pabaya.

Njia ya tatu: kumpeleka mbele za watu

Kikao cha kikundi, wazee wa ukoo, viongozi wa msikiti au kanisa, polisi. Unasimama na kusema ulichokiona, undugu ukiwa umeuweka pembeni.

Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inawataka walioamini wawe wasimamizi wa uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Na kuna kisa cha mwanamke wa Banu Makhzum, ukoo mkubwa wa Kikuraishi, aliyeiba. Jamaa zake wakaona aibu, wakamtafuta Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume, aende akamwombee. Mtume akakasirika, akasema waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimwacha, mnyonge akiiba walimsimamishia adhabu. Na kwamba hata angekuwa Fatma binti Muhammad, hukumu ingekuwa ile ile. Nilipokisoma kisa hicho tena wiki ile, nilimwona mama wa vitumbua.

Kwa kisa cha zama zetu, sijui kilicho kizito kuliko cha David Kaczynski wa Marekani. Kati ya 1978 na 1995 mtu asiyejulikana alituma na kutega mabomu yaliyoua watu 3 na kujeruhi 23. Septemba 1995 gazeti la Washington Post lilichapisha waraka wake mrefu. Aliyeshuku kwanza ni Linda Patrik, mke wa David: maneno yale yalifanana na ya shemeji yake, Ted, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye kibanda msituni Montana. David akachimbua barua za zamani za kaka yake, akalinganisha, akakuta misemo ile ile. Akinyamaza, huenda mtu mwingine akafa. Akisema, huenda kaka yake akanyongwa. Alisema, kupitia wakili. Ted alikamatwa tarehe 3 Aprili 1996, waendesha mashtaka wakaomba adhabu ya kifo, na mwaka 1998 kesi ikaishia kwenye kifungo cha maisha. David alipewa zawadi ya dola milioni moja, akaielekeza kwa sehemu kubwa kwa familia za waliouawa na waliojeruhiwa. Alimwandikia kaka yake gerezani miaka mingi. Ted hakumjibu, mpaka alipofia kifungoni 2023.

Nalitaja hili lote kwa sababu watu husema "ukweli utakuweka huru" kana kwamba hauna gharama. David alichagua sawasawa, na bado alimpoteza kaka yake.

*Nani anabeba hasara.* Aliyekosa, na wewe pamoja naye. Walioumizwa wanapata nafuu.

*Undugu.* Jiandae kwa miaka, na usihesabu ndugu mmoja tu. Kwetu ukimsema mtoto umemsema mama yake, shangazi zake, na marehemu bibi.

*Ukweli.* Unabaki umeandikwa, na wote wanaujua. Hakuna njia inayolinda kumbukumbu kuliko hii.

*Kurudi nyuma.* Hakuna. Ukiwa umekosea, jina la mtu limeshachafuka.

Inamfaa anayeona hatari inaendelea, au kosa lililokwisha kuonywa likarudiwa, au mali ya wengi ambayo huna mamlaka ya kuisamehe.

Njia ya nne: kujitoa kwenye hukumu

Njia hii inasahaulika, labda kwa sababu inaonekana kama kukwepa. Unasema, "Kuna jambo, na anayehusika ni mtu wangu. Hiki hapa nilichokiona. Mimi sitakaa kwenye kikao hicho wala sitapiga kura." Majaji hufanya hivyo wanapokuwa na uhusiano na mmoja wa wadaawa, na hakuna anayewaita waoga.

Ukitazama vizuri, kikoba chenyewe kimejengwa juu ya wazo hili. Lile sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu limetoka katika mtindo wa vikundi vya akiba ulioanzia Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima. Hakuna aliyekaa akasema mweka hazina ni mwizi. Walisema tu kwamba binadamu yeyote, akiachwa peke yake na mkono wake na ndugu zake, asiwe na uwezo wa kufungua. Kosa letu lilikuwa kuziacha hela za simu zipite nje ya sanduku, mkononi mwa mtu mmoja.

*Nani anabeba hasara.* Wataamua wengine, na kwa kawaida wanampa aliyehusika.

*Undugu.* Unaumia, ila kuna la kuwaambia nyumbani: sikumhukumu. Mama mdogo hakulipokea hilo, alininunia tangu Machi hadi Iddi. Lakini alirudi.

*Ukweli.* Unabaki, kwa sharti moja: ukabidhi ulichonacho chote. Anayejitoa huku ameficha karatasi hajajitoa, amesitiri. Anayejitoa kisha akawapigia wajumbe simu usiku, huyo anaamua akiwa nyuma ya pazia.

*Kurudi nyuma.* Kwa kiasi. Unaweza kuitwa kutoa ushahidi, lakini usukani hauko kwako tena.

Inamfaa mwenye cheo: mweka hazina, mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanawe, mjumbe wa kamati ya ajira ambaye mpwa wake ameomba kazi. Kwa asiye na cheo haina maana kubwa, kwa sababu hana kiti cha kukiacha.

Jumatano mdogo wangu alileta 150,000. Sikuwa na la kumwongezea. Alhamisi nilimkabidhi mwenyekiti daftari, ile karatasi tuliyoandikiana na zile hela, nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi za nje saa nzima. Walimtoa kwenye ukatibu, wakakata 190,000 zilizobaki kutoka kwenye hisa zake, wakamwacha awe mwanachama. Kabla ya kuamua walimuuliza ilikuwaje, naye akaeleza habari ya hospitali.

Kwa hali yako

Kama kosa ni dhidi ya mtoto, au ni ubakaji, au kipigo, usinipimie njia nne. Ya kwanza na ya pili zifute. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116 kwa habari za mtoto. Maneno "tuyamalize kifamilia" yamewaacha watoto wengi na mtu yule yule nyumba ile ile.

Kama kilichopotea ni chako peke yako, sitiri ukitaka. Hakuna anayekudai maelezo.

Kama ni mali ya wengi na wewe si kiongozi, anza na faragha, siku chache, kwa maandishi. Siku ikifika bure, panda ngazi.

Kama ni mali ya wengi na wewe ndiye mwenye funguo, kalamu au kura, mkabili kwa muda mfupi kisha jitoe, au jitoe moja kwa moja. Binafsi sasa ningejitoa Jumatatu, nisingengoja mpaka Alhamisi.

Kama huna uhakika wa kosa lenyewe, usiende kokote bado. Hesabu tena. Muulize bila kumtuhumu. Wanaojulikana kwa haraka ya kuwasema ndugu zao wakati mwingine wanatafuta sifa ya unyofu, na mtu mwingine ndiye anayeilipia.

Kama kichwa kimejaa na huoni pa kuanzia, jaribu kitu ambacho wale watafiti wa Michigan walikiona kikisaidia katika makosa mazito, ingawa si katika madogo: jitazame kana kwamba unamtazama mtu mwingine. Mimi nilijiuliza kwa sauti jikoni, "Huyu mweka hazina, mwanachama wake amechukua 340,000. Afanye nini?" Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotaka.

Na kama umewahi kumhukumu mtu baki kwa kosa hilo hilo, kabla hujamwonea huruma ndugu yako, rudi kwake. Nilikwenda stendi asubuhi ya Jumamosi. Nikamweleza yote, na nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwaka uliopita. Akaniambia zile 60,000 zilimlipia nauli mama yake kutoka kijijini, na kwamba alizipeleka msibani siku ya tatu, ila kufikia hapo tulikuwa tumeshamtoa. Akaniuliza mdogo wangu tulimtoa? Nikasema hapana. Akageuza vitumbua vilivyokuwa jikoni, akanifungia vinne kwenye gazeti, akakataa hela. Nilimwomba arudi kikobani. Akasema atafikiri. Mwaka huu tumefungua mzunguko mpya, na nafasi yake nimeandika jina lake kwa penseli.